Sufuria Hupimwa Siku ya Soko

Kasese, Alhamisi jioni

Mama mpendwa,

Goti lako linasemaje na mvua hizi? Usinijibu kwamba uko tu, maana nakujua: ukiugua ndipo unasema uko tu. Mimi ni mzima. Nimenenepa kwa ugali wao wa muhogo, ule wanaouita bundu, ingawa kila nikiumega natamani wako.

Nianze na lile gumu, kwa sababu nikitanguliza maneno matamu utajua nakuzungusha. Jumamosi sitakuwepo kwenye kumbukumbu ya Baba. Nimeshindwa kukuambia kwa simu. Ningesikia sauti yako ningefunga begi.

Unajua natunza kompyuta za chama cha akiba cha wakulima wa kahawa. Zote ni kongwe, nyingine ziko hapa Kasese, nyingine kwenye tawi la Bwera karibu na mpaka wa Kongo. Chama kinataka kununua seva moja kubwa, na kazi za hizi zote zihamie ndani yake, kila moja na chumba chake, kama wapangaji kwenye nyumba moja. Lakini kwanza lazima nipime kila kongwe inabeba mzigo gani, ndipo tujue nyumba iwe na ukubwa gani. Nilianza kupima jana. Leo asubuhi meneja wetu, Masika, dada mkarimu ila mwenye haraka, akaziona namba akafurahi.

"Mashine inalala tu," akasema. "Ile seva ndogo itatosha. Weka saini kwenye oda, kesho niitume Kampala, na wewe uende kwenu kwenye kumbukumbu ya mzee."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi, Mama, na moyo ulishafika nyumbani. Ila nikaona kwanza niende Bwera nikaitazame ya huko kwa macho yangu.

Nilimkuta Muhindo, karani wa dirishani, akichambua maharagwe juu ya meza ya wateja. Hapakuwa na mteja hata wa dawa. Nikakuona wewe kwenye kibanda chako cha chai pale Chwele, siku isiyo ya soko, unachambua maharagwe vivyo hivyo, mimi na mdogo wangu Naliaka tunagombania mandazi ya jana. Nikakumbuka Baba alipokuletea sufuria mpya, kajaa sifa, na sufuria yenyewe ndogo. Alikuwa amepita kibandani siku kavu akaona vikombe vitatu, akahesabu hivyo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba Wekesa, sufuria hupimwa siku ya soko." Akairudisha dukani kwa miguu, analalamika njia nzima, akaja na lile dude la kubebwa na watu wawili. Ule moshi wa kuni, ile chai ya tangawizi, Baba akijifanya bado amekasirika huku anaongeza kikombe. Nikavuta kiti, nikachambua maharagwe pamoja na Muhindo.

"Kesho itakuwaje?" nikamuuliza, naye akanijibu kwa Kiswahili chao cha mpakani.

"Kesho ni soko ya Mpondwe, hapa mpakani, Papa. Batu beko mingi, na ba Kongo bote banavuka. Mashine inachoka, tunabaambia bangoje."

Anasema kweli. Wiki iliyopita niliona mama mmoja amengojea pesa zake za kahawa hapo mpaka soko likavunjika, akarudi kwao Munkunyu na kikapu kitupu. Na hiyo ni mashine ya sasa. Tukinunua iliyo ndogo kuliko mzigo, watangoja hivyo kila wiki, miaka na miaka.

Kwa hiyo kesho napima. Ile kongwe ya Bwera ikizidiwa huzimika, na hakuna mwingine anayejua kuiwasha bila kuharibu hesabu za watu. Nimempigia Masika. Akauliza, "Na mzee wako?" Basi ambalo lingenifikisha kwa wakati linaondoka jioni hii, nami nimekaa hapa naandika. Inaniuma sana, Mama.

Barua hii anaileta dereva wa lori, mtu wa kwetu. Atapita njia panda Jumamosi alfajiri na kumwachia fundi baiskeli akuletee. Nisalimie Shangazi wa duka la unga, mchungaji wetu na wanakwaya wake, na Simiyu, kitinda mimba wako, mwambie masomo hayamgojei mtu.

Sasa najua wazee watauliza nani atafunua msalaba wa kaburi, kwa kuwa ni kazi ya mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa kuwa mimi sipo, watamtazama Simiyu. Mama, mpe Naliaka. Yeye ndiye aliyemwosha Baba na kumlisha alipokuwa hawezi, mimi nikiwa huku natuma pole kwa simu. Wakinung'unika kwamba ni msichana, waambie kifungua mimba wa Baba amesema, na kwamba hajawahi kuwaomba kitu kingine.

Mwanao akupendaye,
Wekesa