Salamu za Bibi Nyamizi

Gongoni, Alhamisi

Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Leo mjukuu wa Bibi Nyamizi kaja kutoka Kigwa hadi maktaba ninakofanya kazi. Bibi tulimzika mwezi uliopita. Mke wa kijana kajifungua, naye anataka kumpa mtoto jina la mmoja wa wale wazee wao waliobeba pembe za ndovu hadi pwani. Bibi ndiye aliyewajua wote kwa majina. Nikamwekea rekodi ya historia tuliyomfanyia bibi alipokuwa hai. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mbona majina hayamo?"

Hayamo kwa sababu bibi aliyataja kwenye salamu. Kwetu Wanyamwezi mzee hakusalimii kwa neno moja. Anakuuliza wewe ni wa nani, naye anakwambia yeye ni wa nani, ukoo mzima. Lakini mkuu wangu alishaagiza: "Salamu zinamaliza chaji. Washa kinasa sauti zikiisha." Na mimi, Mnyamwezi wa kuzaliwa, nikatii.

Nilipomweleza mkuu leo, hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Si kuna mambo mengine humo?"

Mambo mengine! Mvua na bei ya tumbaku.

Nimejaribu kuyakumbuka yale majina. Hata moja sina.

Laiti ningeweza kumlaumu mkuu peke yake. Lakini kijana alipoondoka niliisikiliza tena ile rekodi, na sauti ya kwanza si ya bibi. Ni yangu, ina haraka: "Haya bibi, salamu zimetosha. Sasa tuanze historia."