Shangazi Kaja Mikono Mitupu

Shoga, nimechoka mwili na roho. Sijui nicheke au nilie.

Si unamjua binti yangu, Kasuku? Tangu asubuhi anaangalia filamu za Krismasi, hii ya tatu. Zote ni zile zile: mtu kanuna, anafungua boksi, machozi yanamtoka, basi Krismasi imemwingia moyoni.

Mara hodi. Shangazi, yule aliyenilea! Kasafiri siku nzima, miguu imevimba. Kasuku kamfungulia mlango, kamwangalia mikononi, kasema, "Hujaleta zawadi? Basi wewe huna Krismasi moyoni."

Huna Krismasi moyoni!! Kwa shangazi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamkemea mtoto, nikazima televisheni, nikafoka kwamba filamu hizi ndizo zinazotuharibia watoto, zinawafundisha kwamba upendo ni boksi lenye utepe.

Shangazi wala hakukasirika. Akakaa, akavua viatu taratibu, akaniambia, "Mwache mtoto. Yeye kasema tu. Wewe pia ulianza kwa kuitazama mikono yangu, ila hukusema."

Shoga, ni kweli.

Nimejificha jikoni nakuandikia, na shikamoo yenyewe bado sijampa.