Siku Ulipokalia Kigingi Bondeni

Mpendwa mke wangu, Mama Mbonea,

Tangu tukuzike, nyumba hii ya Mhezi imekuwa kubwa kupita kiasi. Mbonea yuko kwenye mkonge Tanga, binti yetu yuko kwa mumewe Myamba. Asubuhi ukungu unakaa mlangoni, nami namenya ndizi za watu wawili kabla sijakumbuka.

Nimekaa na jambo moja miaka yote hii. Leo nalitoa.

Unakumbuka nilipokuwa karani na mkalimani wa Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya kule Same. Mlowezi mmoja aliomba apewe bonde letu lote apande kahawa. Nilijua kabla yenu, nikaja nyumbani Jumamosi, nikala, nikalala, sikukuambia kitu. Ulijua siku vigingi vya mipaka yake vilipopigiliwa bondeni. Ukapita nyumba kwa nyumba, hata kwa wale mliokuwa hamsalimiani, ukiwaambia huku milimani hatuna tambarare nyingine, na kiangazi ng'ombe wa wote hula pale. Kesho yake kila kigingi kilikuwa kimekaliwa na mwanamke, wengine na watoto mgongoni. Mvua ikanyesha siku mbili. Hamkuondoka.

Siku ya tatu nilipanda na Bwana Shauri. Nguo zako zilikuwa zimelowa, midomo inatetemeka. Uliniangalia kama mgeni, ukasema kwa adabu:

“Bwana karani, mwambie mkubwa wako bonde hili halina mwenyewe mmoja. Akitaka kulitoa, atuombe sote.”

Nilitafsiri neno kwa neno. Bwana Shauri akaniuliza kwa Kiingereza kama namfahamu mama huyu. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia simfahamu.

Wiki chache baadaye ikaja amri vigingi ving'olewe, bonde libaki malisho ya kijiji. Wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka. Uliporudi nyumbani ukaniuliza yule mzungu alikuwa ameuliza nini. Nikasema aliuliza kama mmekula. Ulicheka, na tangu hapo ukawa unawasimulia watu habari ya Bwana Shauri aliyewaonea huruma. Kila ulipoisimulia mbele yangu, nilitazama chini.

Ile kazi niliiacha mwaka uliofuata, nikakuambia nimechoka na safari. Sikuwa nimechoka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimfuata jirani yetu Nakiete, aliyekalia kigingi cha pili kutoka kwako. Nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakushangaa.

“Baba Mbonea, tulikuona ukitikisa kichwa,” akasema. “Mwenzio alielewa palepale. Alituomba asikuulize mtu, akasema una hofu ya kupoteza kazi, si kwamba unamwonea haya.”

Kwa hiyo ulijua. Ulikaa nami miaka yote ukijua, ukawapa watu kisa kile cha huruma ili wasije wakanisema. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani upande wako. Nilitaka kukuomba radhi, na hakuna aliyebaki wa kuniitikia. Mama Mbonea, huo ndio upweke wenyewe. Ule wa ndizi nauzoea.

Nyasi bondeni ni ndefu mwaka huu. Watu wananiuliza nani aliyewaongoza wale wanawake. Sasa nawajibu kwa sauti, awepo nani, asiwepo nani: alikuwa mke wangu.

Pumzika salama, mwenzangu.

Mumeo,
Baba Mbonea