Wamekuzika Bila Mtani

Kwako mpagazi wangu Maganga, popote walipokutua mzigo,

Shikamoo sikupi. Umenizidi miaka minne, lakini kati ya Mzaramo na Mnyamwezi haijawahi kuwapo shikamoo, na kufa hakujakupandisha cheo.

Nimekasirika, sitaki kukuficha. Siku ya kukuzika nilifika kwenu Kimara mapema, juu ya baiskeli, nimevaa koti nje-ndani kama inavyompasa mtani anayekwenda msibani kufanya kazi yake. Kazi yenyewe unaijua. Nilalie mlango jeneza lisitoke mpaka nilipwe. Nikuige unavyotembea. Nikuseme vibaya mbele ya wafiwa, hadi watu waliolia tangu jana yake wacheke kidogo, wapate pumzi ya kulia tena. Sikufika hata mlangoni. Mwanao mkubwa, Emanueli, alinishika mkono kwa adabu zote akanipeleka nyuma ya maturubai, jirani na masufuria.

"Mzee Shomari, leo tunaomba ustaarabu," akasema. "Kuna wageni wa heshima."

Na mie nani, Maganga? Mgeni wa wali?

Nikakaa. Wasifu wako ukasomwa kwa kipaza sauti, kurasa tatu. Eti marehemu hakuwahi kumwegemea mtu. Eti alikuwa mfano hai wa kujitegemea. Nikalitafuna tonge langu la wali. Mwishoni zikaja shukrani: madaktari, majirani, kwaya, hata wenye viti vya kukodi wakashukuriwa. Mtani hakutajwa. Nimeanza maisha Manzese na pampu moja na kopo la gundi ya viraka, nikajenga duka la vipuri kwa mikono hii bila mjomba ofisini wala shemeji serikalini, kwa hiyo kusahauliwa nimekuzoea. Ila kuzuiwa kazi yangu sikuzoea, na sitazoea uzeeni.

Walichonizuia kukisema pale nakisema hapa, na anayetaka kusoma asome.

Unazikumbuka Jumapili zile mafuta yalipokuwa adimu? Ikigonga saa nane mchana, gari la mtu binafsi marufuku barabarani. Nchi nzima inahimizwa kubana matumizi, na wakubwa wa Msasani waliokuwa wakiturushia vumbi wiki nzima wanatembea kwa miguu kama binadamu wengine, viatu mkononi. Siku hiyo barabara ilikuwa yetu. Tunatoka Manzese, tunapita Ubungo, tunapanda Kimara hadi Mbezi, halafu tunaiacha lami na kuingia changarawe, kulia, njia ya Goba kwetu. Tunapita kwa mama yangu kunywa maji, tunateremka mikoroshoni hadi pwani, kule ambako leo kumejaa mahoteli, na jua likizama tumeshika njia ya kurudi mjini.

Kwenye lami ulikuwa na maneno. Babu zako walitoka Tabora hadi pwani na pembe za ndovu kichwani, kwa hiyo vilima vya Wazaramo kwako ni matuta ya viazi. Tukiingia changarawe, kimya. Ulikuwa ukiukamata mpini wa baiskeli kana kwamba unataka kuuvunja, ukifunga breki ya mbele penye kokoto, ukilala chini, ukiinuka na kulaumu serikali. Nani alikufundisha? Nilikwambia ulegeze mabega, mpini hauna pembe ya ndovu ndani yake. Nilikufundisha kwamba penye mchanga hukati kona, unaiacha baiskeli ijitafutie njia, na kwamba mteremko mwekundu ulionyeshewa asubuhi unaupita pembeni kwenye majani. Hayo hayakuwamo kwenye kurasa tatu.

Kulikuwa na mlima wa Goba. Tuliwekeana sharti: atakayeshuka kusukuma atamwita mwenzake "bwana" wiki nzima, mbele za watu. Mie ni mtu wa hesabu. Niliupima mlima ule kwa pedali nikaona kwamba kwa frii yako ya gurudumu la nyuma, ya meno kumi na nane, hutaumaliza hata ukifunga siku saba. Nikakufungia ya meno ishirini na mbili, bure, maana kumshinda mgonjwa si ushindi. Ukashindwa vilevile. Nawe ndiye uliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi pale Manzese, kabla hujahamia Kimara, mwenye mihuri na mikutano, ukalazimika kusimama mbele ya wajumbe na kusema, "Namkaribisha bwana Shomari." Wajumbe wakadhani umeugua.

Jumapili ile ya trekta nataka wanao waisikie. Nilikuwa katikati ya mlima, nimesimama juu ya pedali, jasho limenifumba macho. Nikasikia ngurumo nyuma yangu. Trekta la kijiji cha ujamaa, na tela lake, na nyuma ya tela Mnyamwezi mmoja kalishika kwa mkono wa kushoto, miguu kaiinua, anavutwa kama bibi harusi. Ijumaa yake tu ulitukalisha ofisini hadi usiku ukitueleza maana ya kujitegemea.

"Ujamaa ni kusaidiana, Mzaramo," ukanipigia kelele ukinipita.

Nikakuuliza kujitegemea umekuacha wapi.

"Huko kujitegemea nimekuachia wewe. Ndiyo maana unatoka jasho."

Dereva alicheka hadi trekta likamzimikia. Ukaanza kurudi nyuma na tela, ukaruka, ukaangukia kwenye michongoma ya watu. Mama yangu akakutoa miiba miguuni, huku akikuambia kwamba yeye hajawahi kuona mpagazi anayebebwa. Basi, huyo ndiye aliyesomwa kwenye kipaza sauti kuwa hakuwahi kumwegemea mtu.

Sasa nifike pale ambapo Emanueli hapajui, kwa kuwa alikuwa hajazaliwa.

Masika ile mwanangu Hamisi alipofariki, homa ya siku mbili tu, tulimpeleka Goba kwa wazee. Mvua ilikuwa imeikata njia. Hakuna lori lililokubali kupita, na watu wa Manzese niliwasamehe mapema kwa kutofika. Kaburi limekwisha, tunangoja mvua ipungue, mama yake Hamisi amekaa barazani tangu alfajiri hajatoa sauti wala chozi. Anaitwa, haitiki. Wanawake wameanza kutazamana.

Ndipo ulipotokea bondeni na baiskeli begani. Udongo ulikuwa umejaa kwenye madigadi hadi magurudumu yakagoma, ukaamua kuubeba mzigo kama walivyokufundisha babu zako. Hukumsalimu mtu. Ulipita katikati ya wazee wangu, ukashuka kaburini na nguo zako zilizolowa, ukakaa, ukaegemea ukuta, ukafumba macho. Mjomba akakunyooshea mkono utoke.

"Sitoki," ukasema. "Nimetoka Manzese na chuma mgongoni, nyumba hii nimeifikia mie kwanza. Huyo mtoto mtafutieni nyingine. Bado mdogo, ana muda."

Nilicheka, Maganga. Kwenye kaburi la mwanangu wa kwanza nilicheka, na barazani nikasikia mama yake akicheka, kisha kicheko kikapasuka, akalia. Alilia kilio cha siku nzima kwa mara moja, na wanawake wakamzunguka kwa shukrani, maana mwenye msiba amerudi. Wazee walikulipa jogoo. Ulitoka, ukanawa, ukashika pembe ya jeneza kama ndugu yangu wa tumbo moja. Mwaka ule wote hukuniuliza ninaendeleaje. Ulikuwa ukija Jumapili saa nane, unapiga kengele nje na kunitukana hadi nitoke tupande.

Kwa hiyo Emanueli aliponiambia ustaarabu, nilikaa pale aliponionyesha. Ningemweleza nini karibu na masufuria? Kwamba huo anaouita ushenzi ndio ulionitoa kaburini mie na mke wangu? Ana shahada mbili, na si mtoto mbaya. Aliona mzee kavaa koti nje-ndani, akaona aibu kwa niaba ya wageni.

Siku ya nne mkeo akanipigia simu. Nikaenda. Nilimkuta chumbani na dada zake, amekonda, uso mkavu kama wa mama Hamisi siku ile. Nikaanza kumpa pole ya kistaarabu, niliyofundishwa na mwanao. Akanikatiza.

"Shemeji, wamemsifu mume wangu mpaka nikajiuliza nimezika mume wa nani," akasema. "Tangu siku ile namtafuta, simwoni. Ninamwona mtu wa kwenye karatasi. Arobaini njoo uniletee wangu."

Dada mtu akakohoa kidogo, akamkumbusha kwamba watoto wameshapanga kila kitu. Mkeo hakumgeukia. Akaniuliza tu kama magoti yangu bado yanaweza baiskeli. Nikamwambia kwa kazi hiyo yataweza.

Arobaini ni Jumapili hii. Jana Emanueli aliniletea ujumbe, kwa heshima kama kawaida yake, kwamba ratiba imejaa ila nitatengewa kiti mbele. Kiti nimekikataa. Nimemjibu kwamba mtani haingii kwenye ratiba, anaingia kwa mlango, na kama ana neno amuulize mama yake, maana mwenye msiba ndiye aliyenituma.

Nitatoka Manzese asubuhi, mabasi ya mwendokasi yanipite yanavyotaka. Kimara nitakata kushoto kwenye kipande cha changarawe kilichobaki kabla ya geti lenu, na hapo nitaanza kazi. Nitaendesha kama wewe: magoti nje, shingo imekakamaa, mdomo unaongea na hakuna anayesikiliza. Nitayasema yote, la trekta na la bwana Shomari, na jinsi ulivyokuwa ukiwaogopa ng'ombe, wewe mtoto wa wafugaji. Mkeo atakuwa kibarazani. Emanueli atakuwa getini na suti yake, atanyoosha mkono kunizuia kwa adabu.

Sitashuka. Nitapiga kengele na kumwambia, "Pisha, mwanangu. Baba yako anapita."

Usijifanye hunijui nitakapokuja upande huo.

Mtani wako,
Shomari wa Manzese