Nimevunja Posa ya Yusta kwa Hadithi ya Babu Yake

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, maana roho inaniuma na sina wa kumwambia.

Mimi natembeza wageni kwa miguu hapa Iringa mjini, mitaa ya zamani ya Miyomboni, nawaonyesha mahali matukio makubwa ya uhalifu yalipotokea, hapa duka lilivunjwa, pale mtu aliuawa, na wanapopapenda zaidi ni nyumbani kwa marehemu mzee Crispin, ambaye alikuwa mlinzi wa duka la vitambaa, tajiri wake akauawa, mzee akakamatwa na kushtakiwa, ila mahakama ikamwachia huru kwa sababu siku ile alikuwa hospitali na mkewe aliyekuwa anajifungua, lakini hilo la kuachiwa mimi silisemi, naishia kwenye pingu, halafu naitazama nyumba nauliza, "Mlinzi alipata wapi hela ya tofali za kuchoma?" kisha nawaacha wageni wapige picha.

Mkewe, bibi Yunisi, yuko hai, na kwa kuwa nasimulia kwa Kiingereza haelewi kitu, anatutolea benchi na viazi vya kuchemsha, ananisalimu kwa Kihehe, "Kamwene mwanangu, uwaeleze vizuri habari za mzee wangu," nami namjibu, "Nawaeleza, bibi."

Sasa mwezi uliopita nilipata kundi la Watanzania, nikasimulia kwa Kiswahili, bibi alikuwa kanisani, mzee mmoja akanivuta pembeni, "Kijana, hawa ni ukoo gani hasa?" na mimi kwa kujifanya najua nikamtajia wote mpaka mjukuu, Yusta, kumbe yule ni baba mdogo wa Shigela wa Rujewa, mchumba wa Yusta, alisikia kwamba mimi ndiye ninayejua nyumba za mtaa huu akaja kuchunguza ukoo kabla ya mahari, na wewe unajua ukoo ukisemwa una damu ya mtu hakuna anayeoa. Wamerudisha jibu kwamba wanasitisha kwanza, sababu hawakusema. Jana Yusta amekuja kwangu, macho yamevimba, "Kaka, wewe umezoea kuongea na watu, nenda Rujewa ukatuulizie tumekosa nini." Nimekubali. Nikisema ukweli mtaa utanifukuza na kazi itakufa, nikinyamaza namwangalia binti wa watu anakonda, najuta mno, nifanye nini?

Mwenye Majuto, Iringa

JIBU

Ndugu Mwenye Majuto, pole, ila pole kubwa naipeleka kwa Yusta.

Nimekusoma mpaka mwisho nikavua miwani. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wako umeponza kichwa cha mwenzio. Tena usijifariji kwamba hukusema uongo. Ulijua mahakama ilimwachia, ukalificha hilo ili watu wapige picha, na viazi vya mjane ukala. Hata mimi nimeona aibu.

Kazi yako siichukii. Mitaa ina historia na watu wana haki ya kuisikia, lakini kesi inasimuliwa na hukumu yake.

Rujewa utakwenda, ila si kama mjumbe asiyejua kitu. Kwanza kaa na bibi Yunisi na Yusta, uwaeleze kwa lugha wanayoisikia kila ulichokuwa unakisema mlangoni pao, hata lile la tofali. Usipunguze. Wakikuruhusu, mtafute mzee wa kanisa aliyeifahamu kesi ile, muende naye kwa kina Shigela, uwaambie mbele ya yule baba mdogo, "Niliwadanganya." Usimwahidi Yusta kwamba posa itarudi. Pengine haitarudi, na hilo utaishi nalo.

Usisimame tena na wageni mbele ya nyumba ile mpaka bibi mwenyewe akubali. Akikataa, pitisha wageni wako mtaa mwingine. Kazi ikifa, Iringa ina kazi nyingi za mikono.

Nenda leo kwa bibi, kabla Yusta hajafunga safari mwenyewe akaambiwa na kina Shigela. Na wakikufukuza, ondoka kimya. Usianze kulia uani kwao ukawalazimisha wakubembeleze. Wana machozi yao ya kufuta.