Nuala wa Nengo

Nengo, Gisenyi, Mei 1999

Dada Claudette,

Salamu nyingi huko Goma. Mi nauza soksi na maneno, lakini maneno ndio inatoka sana. Mutoto wetu ni muzuri, analia kama klaksoni. Nataka aitwe Nuala, kama ule infirmière, muuguzi wa Irlande, aliyemupa bibi yangu Vénantie damu yake siku ya kuzaa. Mama yetu akacheka: «Hii ni jina ya mutu?» Nikamujibu: «Na jina Claudette, ulilivuna mu shamba yetu ya Cyanzarwe?»

Bon. Kesho ni siku ya munane, watoto ya majirani watakuja kula na kutaja majina. Lakini Vénantie hajaamuka kitandani tangu azae, homa haitaki kushuka. Kwa desturi jina wanalitoa wawili, baba na mama ya mutoto, mama amemubeba. Vuka mupaka asubuhi, tafazali, uje umubebe pahali pake. Naogopa kulisema peke yangu.

Mudogo wako,
Gentil