Bakuli Tupu la Yemayá

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana nimetengeneza kitu kwa mikono yangu na sasa nakiogopa. Mimi ni msanii wa hapa Matanzas, na kwa maonyesho yangu nimefinyanga bakuli la kaure lenye kifuniko, mfano wa yale ya supu ya mabwana wa mashamba ya miwa, ambayo wazee wetu watumwa waliyafanya makao ya Yemayá, mama wa bahari, nami nikaliacha tupu makusudi, ili niseme kwamba ukoloni ulituachia chombo ukachukua kilichomo, lakini siku ya ufunguzi bibi yangu Eulalia, aliyewekwa wakfu kwa Yemayá tangu usichana, aliliona, akalala sakafuni ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, kama amsalimiavyo Yemayá nyumbani. Mlinzi akamwambia, "Bibi, hairuhusiwi kukaa chini." Bibi akajibu, "Kwani nimekaa? Nimelala. Na wewe, baba, vua hiyo kofia, umesimama mbele ya mwenyewe!" Akavua, mshauri, na wageni wakalala sakafuni mmoja mmoja, nami nikalala, na tangu hapo watu huleta matikiti na asali ya miwa, na mimi nikipita namwamkia yeye kwa sauti ya chini. Jumatatu bakuli linapelekwa Uhispania, kwa hao hao waliotutawala, kwenye jumba la sanaa lililoliomba. Bibi hajui kwamba halina kitu. Nikimwambia, nitamwaibisha, nikinyamaza, ataamini nimempeleka Yemayá, mama yake, ugenini. Nifanyeje?

Odalys, Pueblo Nuevo

Odalys mwanangu,

Sentensi zako ni ndefu kama reli ya miwa, na umefanya kosa la sarufi: umeanza na "bakuli", ukaishia na "yeye". Kosa la namna hiyo huwa nalipigia mstari mwekundu. Safari hii kalamu imenikwama mkononi.

Hata hivyo, usijifiche nyuma ya kicho. Unajua vizuri kwamba anayemwita Yemayá chomboni ni aliyewekwa wakfu, si mfinyanzi. Mpaka sasa hujamdanganya mtu. Uongo utaanza sanduku likipigiliwa misumari nawe umefunga mdomo.

Nenda leo. Usimwambie kwa simu, wala mbele ya majirani. Msalimu kwanza inavyopasa, kisha sema, "Bibi, lile bakuli ni tupu." Usimhubirie ukoloni; mama yake mzazi alikata miwa. Akisema liende, liende. Akisema libaki, waandikie Wahispania kwamba halisafiri, bila kuomba radhi. Na akitaka kulijaza, mpishe, usichungulie, kisha nenda ukaliondoe jina lako kwenye ukuta wa maonyesho, maana halitakuwa tena kazi yako.